Doris Duke: Bintiye bwanyenye wa tumbaku aliyeagiza nyumba kutoka Rabat hadi Isfahan

MGENI anayefika katika jumba la Shangri La, kando ya bahari mjini Honolulu, visiwani Hawaii, haoni mengi akiwa bado nje. Hulakiwa na ukuta mweupe usio na madoido, ngamia wawili wa mawe na mlango wa mbao. Ni baada ya kuvuka kizingiti ndipo anapoinua macho na kuiona dari iliyochongwa nakshi na kupakwa rangi kwa mkono, kana kwamba ameingia katika nyumba ya waziri wa sultani mjini Fez.

Msomaji wa Lamu au Mombasa hatashangazwa na mpango huo. Nyumba za kale za mwambao wetu nazo huelekeza uzuri ndani na kumwachia mpita njia ukuta mtupu. Linaloshangaza ni kwamba dari hiyo haikung'olewa katika nyumba yoyote ya kale. Ilitengenezwa Morocco na mafundi waliokuwa hai, kwa vipimo vya nyumba iliyokuwa ikijengwa upande wa pili wa dunia.

Aliyeiagiza ni Doris Duke, Mmarekani aliyefariki Oktoba 28, 1993, akiwa na umri wa miaka 80. Magazeti ya kwao yalimjua kwa utajiri, kwa ndoa zake mbili zilizovunjika na kwa kesi zisizoisha. Wapenzi wa sanaa za nchi za Kiislamu wanamjua kwa jambo jingine: kwa karibu miaka 60 alikusanya vitu takriban 2,500, kuanzia vigae, mazulia na vitambaa vilivyotarizwa hadi vyumba vizima, akaishi navyo kama vyombo vya nyumbani.

Alizaliwa jijini New York mnamo Novemba 22, 1912. Babake, James Buchanan Duke, alijitajirisha kwa sigara zilizotengenezwa kwa mashine, kisha akaongeza utajiri huo kwa umeme uliozalishwa katika mito ya Carolina. Chuo Kikuu cha Duke kilipewa jina la familia hiyo mwaka wa 1924.

Mzee huyo alifariki mwaka uliofuata. Doris alikuwa na umri wa miaka 12, na sehemu kubwa ya mali ikawa yake. Magazeti yakaanza kumwita msichana tajiri zaidi duniani, jina ambalo hakulipenda na ambalo halikumwondokea hadi uzeeni. Hakuwa mtoto wa kuburuzwa, kwani akiwa bado kijana alimshtaki mamake mzazi ili kuzuia kuuzwa kwa shamba la familia huko New Jersey, na akashinda.

Mnamo Februari 1935 aliolewa na James Cromwell, na wawili hao wakaanza fungate iliyowazungusha dunia. Walipitia Misri, wakafika India, na ni huko Agra ambako moyo wake ulitekwa. Baada ya kuliona kaburi la Taj Mahal, aliagiza chumba cha kulala na bafu vya marumaru iliyotiwa nakshi za mawe ya rangi, pamoja na milango iliyotobolewa kama wavu. Wakati huo hata nyumba ya kuviweka hakuwa nayo katika kiwanja chake mwenyewe.

Safari iliishia Hawaii. Walikusudia kupumzika kwa muda mfupi wakaishia kukaa kwa miezi. Huko Doris alipata kitu ambacho fedha za babake hazikuwa zimempa: watu wasiomtazama kama pochi. Alifunzwa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao na ndugu wa familia ya Kahanamoku, waogeleaji mashuhuri wa visiwa hivyo. Mwaka wa 1936 alinunua kiwanja cha karibu ekari 5 chini ya mlima wa Diamond Head, na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata chini ya mchoraji majengo Marion Sims Wyeth. Jina Shangri La lilitokana na riwaya ya James Hilton iliyochapishwa mwaka wa 1933.

Mwaka huo wa 1937 ndipo alipokwenda Morocco, na hapa inafaa tutue kidogo.

Kinachoitwa mtindo wa Kimoorishi ni sanaa iliyokuzwa na Waislamu wa Maghrib na wa Andalusia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uhispania. Alama zake ni tatu: vigae vya rangi vinavyokatwa vipande vidogo kwa nyundo na kupangwa kama nyota, lipu inayochongwa ingali mbichi ukutani, na mbao za mwerezi kutoka milima ya Atlas, zinazochongwa na kupakwa rangi. Kasri la Alhambra mjini Granada ndilo kielelezo chake mashuhuri. Samani zake huwa chache: makochi ya chini yanayozunguka kuta, mito, meza ndogo, mazulia.

Mazulia nayo ni ya namna mbili. Yapo ya mjini, hasa Rabat, yenye ua la katikati na mipaka iliyonyooka. Yapo pia ya milimani, yanayofumwa na wanawake wa Kiberberi, ambao wenyewe hujiita Waamazighi, kwa sufu ya kondoo wao. Haya hayafuati karatasi iliyochorwa. Mfumaji huanza upande mmoja akiwa na michoro aliyorithi kichwani, na akibadilisha nia katikati, zulia nalo hubadilika. Yalifumwa yawe malalo na blanketi za majira ya baridi, si mapambo ya sebule za wageni.

Wakati Doris Duke alipofika, Morocco ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu 1912, na biashara hii ilikuwa imeshawekewa usimamizi. Afisa mmoja wa Kifaransa, Prosper Ricard, alikuwa amezunguka nchi nzima akiorodhesha mazulia, kazi aliyoichapisha kwa majuzuu kuanzia 1923. Tangu 1919 serikali hiyo iligonga muhuri nyuma ya zulia lililotimiza masharti ya sufu, rangi na michoro. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuokoa ufundi usifishwe na rangi za viwandani za bei nafuu. Matokeo mengine, kwa maoni yangu, ni kwamba mgeni ofisini ndiye aliyepata mamlaka ya kuamua zulia lipi ni la Kiberberi halisi, na siyo bibi aliyelifuma.

Ni katika mazingira hayo ambapo kampuni ya S.A.L.A.M., iliyoongozwa na Mfaransa René Martin mjini Rabat, ilipokea oda ya Wamarekani hao wawili. Ilikuwa kazi ya kuchonga na kupaka rangi dari, milango na viambaza vya mbao kwa ajili ya ukumbi wa kuingilia na sebule kuu. Barua, michoro na vipimo vilivuka bahari kati ya Rabat na wachoraji wa majengo. Mafundi walichonga vipande, wakavipaka rangi na kuvipanga kwanza huko huko karakanani, kabla ya kuvifungasha kwa safari ya meli hadi Pasifiki.

Picha za wakati huo zipo. Zinawaonyesha wanaume wameketi kando ya mbao walizokuwa wakizichonga. Hata hivyo, katika masimulizi ya jumba hilo linalotajwa daima ni jina la Martin na kampuni yake, nao mafundi wanabaki kuwa mafundi tu. Wasanii wetu wa milango ya Lamu na Zanzibar wanaijua hali hiyo.

Nyumba ilikamilika mwishoni mwa 1938. Chini ya dari ile ya Morocco, sebule ina ukuta mzima wa kioo ambao, kwa kubonyezwa swichi, huteremka hadi chini ya sakafu na kuiacha bahari wazi. Vyombo vya udongo vya Uhispania ya kale vikapangwa humo. Kule nyuma, nyumba ya wageni ikajengwa kwa kuiga kasri la Chehel Sotun mjini Isfahan, Iran. Waliotaka usafi wa mtindo mmoja walikuwa na sababu ya kununa, maana Morocco, Iran, Syria na India zilikaa chini ya paa moja bila kuombana radhi.

Mwaka huo wa 1938 alisafiri mwenyewe hadi Iran na Syria. Karakana moja ya Isfahan ilimtengenezea paneli kubwa za vigae vya ua wa ndani, kwa kufuata mfano wa msikiti mkuu wa mji huo. Hiyo ikawa oda yake ya tatu kubwa kwa mafundi walio hai, baada ya Agra na Rabat. Kama angeishia hapo, mwandishi wa maisha yake angekuwa na kazi nyepesi.

Hakuishia hapo. Mnamo 1940 alinunua kutoka kwa mfanyabiashara Hagop Kevorkian mihrabu iliyotengenezwa mwaka wa 1265. Mihrabu, kama Waislamu wanavyofahamu, ni ile kibla ukutani inayomwonyesha mwenye kuswali upande wa Makka. Hii ina urefu unaokaribia mita 4 na ni kazi ya Ali ibn Muhammad ibn Abi Tahir, wa ukoo wa wafinyanzi wa Kashan. Vigae vyake hung'aa kama dhahabu, siri ambayo ukoo huo uliimudu: kigae kilichokwisha chomwa kilichorwa upya kwa mchanganyiko wenye fedha na shaba, kikarudishwa katika tanuri lenye moshi na hewa haba hadi madini yakajitandaza juu yake kama utando mwembamba.

Mihrabu hiyo haikufanywa kwa ajili ya mnunuzi wa Honolulu. Ilikuwa katika ziara ya Imamzadeh Yahya, kaburi linaloheshimiwa huko Varamin, karibu na Tehran. Iliondolewa mnamo miaka ya mwisho ya karne ya 19 au mwanzoni mwa ile ya 20, wakati vigae vya ziara hiyo vilipotawanywa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ilionyeshwa London mwaka wa 1931 kabla ya kufika mikononi mwa Duke.

Kwa hivyo ndani ya nyumba moja mna vitu vya aina mbili ambavyo macho huviona kuwa sawa. Dari ya Rabat ni kazi iliyoagizwa, ikalipiwa, na haikumpunguzia mtu yeyote wa Morocco chochote. Mihrabu ya Varamin ni kitu kilichobanduliwa mahali pa ibada, nao waumini wakabaki na ukuta. Duke hakuibandua yeye, na ununuzi wake haukuwa wa siri. Lakini soko la wanunuzi kama yeye ndilo lililofanya ukuta wa ziara uwe na bei.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kulielewa hilo bila kufafanuliwa. Vigango vya Wamijikenda, nguzo zinazosimikwa kwa heshima ya wahenga, viling'olewa na kuuzwa kwa watalii na wenye maduka ya sanaa hadi vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilirejeshwa 2007, na vingine 30 kutoka Denver viliwasili 2019. Walionunua vigango hivyo nao waliviweka ndani kama mapambo, na wengi wao bila shaka walivipenda.

Mwaka huo wa 1940 ulikuwa mzito kwa Doris Duke kwa sababu nyingine. Mnamo Julai alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, akampa jina Arden. Mtoto huyo aliishi kwa siku moja tu. Hakupata mwingine. Ndoa yake na Cromwell ilivunjika 1943, na ile ya pili, na Porfirio Rubirosa wa Jamhuri ya Dominika, haikudumu hata miaka miwili.

Aliendelea kununua. Mnamo miaka ya 1950 alipata mbao zilizopakwa rangi za chumba kimoja cha Damascus, na baadaye, katika miaka ya 1970, sehemu za chumba kingine kutoka nyumba ya ukoo wa Quwatli wa mji huo huo. Wanaomkumbuka wanasema alipanga vitu kwa mikono yake, akapanda ngazi na kuhamisha vigae mwenyewe, tabia isiyo ya kawaida kwa mabwanyenye wa daraja lake.

Kuna tukio ambalo haliwezi kurukwa. Mnamo Oktoba 1966, katika jumba lake jingine mjini Newport, gari alilokuwa akiendesha lilimgonga na kumuua langoni Eduardo Tirella, mbunifu aliyemsaidia kwa miaka mingi katika ununuzi na upambaji. Polisi walisema ni ajali. Mahakama ya madai baadaye ilimpata na hatia ya uzembe na kuipa familia ya marehemu fidia ya dola 75,000. Polisi walifungua upya faili hiyo 2021, wakaifunga bila ya kumshtaki yeyote.

Alipofariki, vita vya mahakamani kuhusu usimamizi wa mali yake vilichukua karibu miaka mitatu. Wasia ulikuwa bayana kuhusu Shangri La: nyumba na vilivyomo visitawanywe, bali viwe mahali pa wasomi, wanafunzi na umma kujifunza sanaa na utamaduni wa Mashariki ya Kati. Milango ilifunguliwa kwa umma mnamo Novemba 2002, mwaka mmoja na ushei baada ya mashambulizi ya Septemba 11, wakati ambapo Wamarekani wengi walikuwa wakilisikia neno Uislamu katika habari za vita pekee.

Wageni huletwa kwa makundi madogo kutoka Makumbusho ya Sanaa ya Honolulu. Hupita chini ya dari ya Rabat, huonyeshwa bahari, kisha husimamishwa mbele ya mihrabu. Varamin nako watu hawajaacha kuizuru ziara ya Imamzadeh Yahya.