Padri Alexis Kagame, Mwimbaji wa Mwenye Viumbe

Katika vijiji vyetu, vilivyo katika malisho ya Masisi na vilivyo katika misitu ya Walikale, jioni ndiyo saa ya maneno. Kazi imekwisha, moto umewashwa, na mzee mwenye kipawa huanza kuimba au kusimulia. Hapo hata watoto watundu hunyamaza. Mara nyingi wakatekista wameulizana kama ufundi huo wa wazee wafaa kuingia katika sala ya Mkristo, au kama imempasa mbatizwa kuuacha nje ya mlango wa kanisa pamoja na hirizi. Swali hili si dogo, kwa maana anayeambiwa aache lugha ya moyo wake aweza kusali kwa midomo tu siku zote za maisha yake. Leo tutalijibu kwa kusimulia maisha ya padri mmoja wa nchi jirani, ambaye alikuwa mtunzi wa mashairi, mwanahistoria na mwalimu wa falsafa.

Alexis Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, katika Rwanda, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Wadachi. Jamaa yake ilikuwa ya abiru, yaani watu waliokabidhiwa siri na desturi za ufalme. Abiru hawakuwa na vitabu. Yote waliyoyajua waliyashika kichwani, na neno lililosahauliwa lilikuwa limepotea kabisa. Basi mtoto huyu alikua kati ya watu waliojua kwamba neno ni amana, na kwamba mwenye kulitamka lazima kwanza alihifadhi. Baada ya Wabelgiji kuingia nchini, jamaa yake iliingia katika Kanisa Katoliki. Kijana akasoma katika seminari ndogo ya Kabgayi, kisha katika seminari kubwa, akapewa daraja takatifu ya upadri mwaka 1941. Alifanya kazi pia katika gazeti la Kanisa liitwalo Kinyamateka, akayazoea maandishi ya kila siku yanayosomwa na watu wa kawaida.

Tangu angali mseminari aliona jambo la kumhuzunisha. Wazee walioshika mashairi ya kale walikuwa wakifa mmoja mmoja, na kila mmoja alikwenda kaburini na hazina yake. Akaanza kuwatafuta, akaketi mbele yao, akaandika waliyoyasema. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake juu ya mashairi ya wafalme wa Rwanda, ambacho wataalamu wakitumia hata leo. Tukumbuke kwamba Rwanda ya kale ilikuwa na aina tatu kuu za mashairi: ya kuwasifu wafalme, ya mashujaa kujisifu, na ya kuwasifu ng'ombe. Wachungaji wa Masisi hawatashangaa kusikia hayo. Awezaye kumsifu ng'ombe vema ni yule aliyemtazama muda mrefu, akajua mwendo wake, pembe zake, na jinsi anavyosimama mtoni. Sifa njema hutoka katika macho yaliyotulia.

Padri Kagame alikuwa pia mtu wa mzaha. Mwaka 1949 alitoa utenzi wa kuchekesha uitwao Indyohesha-birayi, maana yake ni kile kitiacho utamu katika viazi. Humo alimsifu nguruwe kwa mtindo ule ule wa heshima waliotumia watunzi wa sifa za ng'ombe. Watu walicheka. Lakini utenzi huo ulionyesha kwamba chombo kile cha kale chaweza kubeba mzigo mpya. Na kama chaweza kubeba nguruwe, je, hakiwezi kubeba sifa za Muumba?

Kazi yake kubwa ya utunzi ndiyo iliyojibu. Ni utenzi mrefu sana katika Kinyarwanda, nao waitwa Umulirimbyi wa Nyili-ibiremwa, yaani Mwimbaji wa Mwenye Viumbe. Mwenyewe alianza kuutia katika Kifaransa. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1952, na ya pili, iliyo juu ya kuzaliwa kwa ulimwengu, ilitoka mwaka 1955. Hakuigawa kazi hiyo kwa sura kama vitabu vya shule. Aliigawa kwa mikesha, kama vile watu wakesheavyo pamoja wakisikiliza. Mtindo alioutumia ni ule wa sifa za ng'ombe, ila sasa anayesifiwa ni Mungu aliyefanya vyote, na mambo makuu ya wokovu wetu.

Hapo, wasomaji wapenzi, tupumzike kidogo tufikiri. Mabwana wa roho hufundisha kwamba sala ina ngazi zake. Kuna sala ya midomo, kuna sala ya kufikiri, na kuna taamuli, yaani kumtazama Mungu kwa moyo ulionyamaza na wenye mapendo. Wengi hudhani kwamba taamuli ni ya watawa wa ndani peke yao. Lakini mtunzi wa kweli hupita njia inayofanana na hiyo. Kwanza hunyamaza. Pili hutazama kitu jinsi kilivyo, wala si jinsi apendavyo kiwe. Tatu, neno humjia, naye hulipokea na kulitengeneza kwa subira. Hawezi kulilazimisha. Ndivyo alivyofanya Mtakatifu Efremu wa Siria katika karne ya 4, aliyefundisha imani kwa tenzi, na ndivyo walivyofanya watunzi wa Zaburi. Mwanadamu atungapo kwa sala humfuata Muumba kwa mbali, kama mtoto ashikaye jembe dogo nyuma ya baba yake.

Maisha yake hayakuwa bila msalaba. Mwaka huo huo wa 1952 alitoa kitabu juu ya sheria na desturi za utawala wa Rwanda ya kale. Kitabu hicho hakikuwapendeza watawala wa Kibelgiji, naye akapelekwa Roma. Mtu mwingine angeweza kukaa huko na uchungu moyoni. Padri Kagame alisoma. Mwaka 1955 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, na mwaka uliofuata kikachapwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda.

Fundisho lake tunaweza kulifahamu hata sisi tusemao Kiswahili, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu. Aliona kwamba vyote vilivyopo huingia katika makundi manne: umuntu, ndiye mwenye akili, ikintu, ndicho kisicho na akili, ahantu, ndipo mahali na wakati, na ukuntu, ndiyo namna au jinsi. Yote manne yana mzizi mmoja, ntu. Lakini Mungu hakumweka katika kundi lolote kati ya hayo, kwa sababu Yeye ndiye anayevipa vyote kuwapo. Tazameni jinsi sarufi ilivyokuwa mlango wa sala! Mtu achunguzaye maneno ya mama yake kwa unyofu, mwishoni hufika mahali ambapo neno halitoshi, naye hupiga magoti.

Haifai kuficha kwamba Padri Kagame alikuwa na upungufu wake. Alikuwa mtoto wa baraza la mfalme, naye alilipenda. Wanahistoria waliokuja baada yake wamesema kwamba aliitazama mno nchi kutoka kiti cha enzi, na kwamba sauti za wanyonge hazisikiki vya kutosha katika historia aliyoiandika. Lawama hiyo ina uzito, hasa kwetu sisi tuliokwisha kuona jinsi habari za kale zinavyoweza kutumiwa kuwatenga ndugu. Kipawa cha neno chaweza kujenga, na chaweza kuwasha moto. Wimbo mmoja uliotungwa kwa chuki waweza kubomoa kijiji kizima. Kwa hiyo mtunzi Mkristo lazima aungame pia dhambi za kalamu na za ngoma. Hata hivyo, pale Padri Kagame alipowaacha wafalme na kumwimbia Mwenye Viumbe, alifika mahali ambapo hakuna kabila lililo kubwa kuliko lingine.

Aliporejea kwao alifundisha seminarini, na tangu mwaka 1963 katika chuo kikuu kipya cha Rwanda. Alifundisha pia Lubumbashi, katika nchi yetu. Alishiriki katika kutafsiri Maandiko Matakatifu. Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981, mwenye umri wa miaka 69.

Nasi je? Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, wa aina iitwayo karisi. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliusimulia kwa siku nyingi, ukaandikwa, na mwaka 1969 ukachapwa kitabu ambacho sasa chasomwa ulimwenguni pote. Wahunde nao wana nyimbo na methali zao, na wachungaji wana sifa za mifugo yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, ulifungua mlango kwa lugha na muziki wa mataifa, na mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale kwa majimbo ya nchi yetu. Mlango umefunguliwa, lakini mlango hauimbi. Lazima wawepo watu wa kuingia.

Kwa hiyo, ewe mkatekista, jaribu jambo hili mwezi huu. Keti jioni moja na mzee mmoja wa kijiji chako, umwombe akufundishe wimbo ulio mwema. Kisha, alfajiri, kabla ya kelele za siku, keti kimya mbele ya Mungu ukitazama kitu kimoja tu alichokiumba: ukungu juu ya kilima, mto, au uso wa mtoto aliyelala. Usiwe na haraka ya kusema. Neno likija, lipokee, ulitie katika sauti ile uliyofundishwa, ukawaimbie Wakristo wenzako Jumapili. Neno lisipokuja, usisikitike. Kule kunyamaza kwako kulikuwa sala.

Ee Mungu, Mwenye Viumbe, uliyetupa ulimi na ukimya, utakase nyimbo za wazee wetu na mioyo ya watoto wetu, ili katika milima na misitu yetu sauti zote zikusifu Wewe mmoja. Amina.