Daftari la Mwalimu Sontonga



Vijana wenzangu, mwenzenu juzi nusura niache kwaya. Naimba sauti ya nne parokiani kwetu huku Mbagala, sasa kuna bendi ya harusi imenitaka. Mazoezi yao Jumamosi jioni, saa zile zile za kwetu. Wao wanalipa. Sisi hata nauli ya daladala kila mtu na mfuko wake, na sare tunachangishana.

Basi nimekaa kwenye foleni Barabara ya Kilwa, nikawa nasoma habari za Enoch Sontonga. Jina huenda hulijui, ila melodia yake umeiimba tangu darasa la kwanza, mstarini, jua la asubuhi usoni. Ndiyo hiyo ya Mungu Ibariki Afrika.

Alizaliwa Uitenhage, Afrika Kusini, karibu mwaka 1873. Akawa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti, Nancefield, karibu na Johannesburg. (Hakuwa Mkatoliki, najua, msinishambulie.) Kilichomlisha ni ualimu, na pembeni alipiga picha. Kwaya yake ilikuwa ya wanafunzi. Nyimbo aliziandika kwa mkono kwenye daftari, kwa nota za do re mi, hizi hizi tunazosomea sisi mpaka leo. Huo wimbo aliuandika 1897, na hadharani ulisikika 1899, mchungaji mmoja alipowekwa wakfu.

Alitamani daftari lichapwe. Hakuwahi. Alifariki 18 Aprili 1905, kijana wa miaka thelathini na kitu. Waimbaji wakawa wanamwendea mjane wake kuliazima, leo huyu, kesho yule, mwisho likapotea. Wanakwaya mnaelewa: nakala ikishaazimwa, imekwenda!

Wimbo wenyewe ukaendelea kutembea. 1912 uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama ambacho leo ni ANC. 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. 1961 Tanganyika ikauchukua. Na kaburi lake? Lilitafutwa sana bila kupatikana, kwa sababu kwenye kumbukumbu za makaburi ya Braamfontein aliandikwa Enoch tu. Mwaka 1996 ndipo Mandela akalitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa.

Sisemi wanaolipwa wanakosea. Wale wa bendi wana watoto wa kusomesha, na kusema kweli wanapiga vizuri kutuzidi. Lakini mpiga gitaa wao aliniambia kwamba akifika nyumbani gitaa haligusi kabisa, limeshamchosha. Hilo limenikaa kichwani. Sisi sauti ya kwanza wakipotea tunacheka mpaka mwalimu naye anacheka, kisha tunarudia, na ile siku zote nne zinapokaa sawa, yaani unarudi nyumbani kwa miguu bila kuhisi umbali.

Bendi bado sijawajibu. Ila Jumamosi saa kumi nimeombwa niwahi parokiani na nakala mpya za sauti ya nne. Zile zilizoazimwa hazijarudi.