John Stuart Mill: Msee Aliyetetea Haki Yako ya Kulewa

Wasee wengi hupenda kusema kila mtu aishi vile anataka. Sasa mjue John Stuart Mill, aliyeiandikia hoja hiyo kitabu kizima.

Alizaliwa London mwaka wa 1806. Budake hakumpeleka shule, alimfunza mwenyewe keja, na akiwa na miaka 3 dogo alishaanza Kigiriki. Kufika 20, stresi zikamlemea kabisa.

Baadaye alimpenda Harriet Taylor, mke wa mtu. Alingoja karibu miaka 20, mume akafariki, wakaoana 1851. Harriet naye akafa 1858. Mwaka uliofuata Mill akatoa On Liberty.

Humo alisema serikali isikuingilie mradi humuumizi mwingine. Ukilewa, hiyo ni shauri yako, lakini karao akilewa kazini aadhibiwe. Alipinga sheria ya Maine, Marekani, iliyopiga pombe marufuku, na hata kodi ya kuwafanya watu washindwe kuinunua. Akiwa mbunge, 1867 alitaka wanawake wapige kura, akaungwa mkono na wabunge 73 tu.

Lakini kuna noma. Miaka 35 alikula mshahara wa East India Company, kampuni iliyotawala India. Na kitabu hicho hicho kilisema jamii alizoziona hazijastaarabika zinaweza kutawaliwa kimabavu, mradi nia ni kuziinua.

Alikufa Avignon, Ufaransa, 1873, akazikwa na Harriet. Uhuru wake ni mtamu, ila mababu zetu hawangeingia kwenye orodha. Wewe waonaje?