Orkoiyot Hakuwa Mfalme

Jina la Kipchomber arap Koilege lingali likitajwa kwa heshima katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Alikuwa mwana wa Kimnyole wa ukoo wa Talai, orkoiyot wa Wanandi. Kimnyole alipouawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, wanawe waliugombania urithi. Koitalel akashika Nandi; Kipchomber akahamia kwa Wakipsigis, akawa orkoiyot wao.

Cheo hicho kinahitaji kufafanuliwa. Orkoiyot alibashiri, alibariki na kutoa idhini ya vita, bali mashauri ya kila siku yaliamuliwa na wazee katika kokwet, baraza la ujirani. Hakuwa kama Papa wa Roma, ambaye pamoja na utume wake alitawala dola katikati ya Italia tangu mwaka 756 hadi 1870, dola yenye majeshi, kodi na magereza.

Serikali ya kikoloni haikuijali tofauti hiyo. Mimi, kwa kuwa ni mwanaisimu, naiona dhuluma ikianzia katika majina. Wakipsigis waliitwa Lumbwa, na orkoiyot akaitwa laibon, neno lililotoholewa kutoka Kimaasai. Asiyejua jina la kitu hawezi kudai kuwa anakijua. Hata hivyo aliyekosea jina ndiye aliyetoa hukumu. Koitalel alipigwa risasi na kufa mwaka 1905. Mwaka 1914 Kipchomber na ndugu zake walihamishwa kwa nguvu hadi nchi ya Wakikuyu, naye akafia ugenini.

Kifo chake hakikuwaridhisha watawala. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa malaibon, na watu zaidi ya 700 wa ukoo wa Talai, wakiwamo wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Hatia yao ilikuwa nasaba. Huku nyuma, makampuni ya kigeni yalikwisha kupanda chai katika ardhi nzuri ya Wakipsigis.

Linganisha mambo haya mawili, ndugu msomaji. Papa, aliyekuwa na dola kwelikweli, alinyang'anywa mwaka 1870, lakini mwaka 1929 Italia ilitia saini mkataba na mrithi wake, ikampa Vatikani yenye hekta 44, pamoja na fidia ya fedha. Ukoo wa Talai, ambao haukuwa na dola yoyote, ulirejea Kericho mnamo mwaka 1962, na wengi wao wakabaki bila ardhi. Mwaka 2022 Wakipsigis na watu wa Talai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Naamini madai yao ni ya haki. Kipchomber aliadhibiwa kama mfalme. Basi wajukuu wake wasinyimwe fidia kwa kisingizio kwamba hakuwa mfalme.