Fridtjof Nansen, Rafiki wa Hewa ya Nje

Mwaka jana nilipatwa na ugonjwa usio na jina. Nilisoma usiku na mchana, na alasiri wenzangu walipokwenda uwanjani, mimi nilijifungia darasani na vitabu vyangu. Kichwa kikaniuma, usingizi ukanitoroka, na mwisho wa muhula alama zangu zikashuka badala ya kupanda. Daktari alinipima asione maradhi. Aliyenisaidia ni mwalimu wetu wa jiografia, naye hakunipa dawa ila kitabu cha maisha ya Fridtjof Nansen. Nataka kuwasimulia kwa ufupi habari za bwana huyo.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao siku hizi huitwa Oslo, mji mkuu wa Norwei. Nchi hiyo iko kaskazini kabisa mwa Ulaya. Wakati wa baridi mchana ni mfupi sana, na theluji hufunika nchi kwa miezi mingi. Mgeni angedhani watu wake hukaa ndani tu wakiota moto, lakini sivyo. Wao wana neno lao, friluftsliv, maana yake ni maisha ya hewa ya nje: kwenda msituni na milimani, si kwa kushindana wala kwa kutafuta faida, bali kwa kuuburudisha mwili na roho.

Mama yake Nansen alikuwa hodari wa kuteleza juu ya theluji kwa ski, yaani mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni, ingawa zamani zile watu waliona kuwa jambo hilo halimpasi mwanamke. Mtoto akafuata nyayo za mama. Alipokuwa kijana alizoea kukaa msituni siku kadhaa, akivua samaki na kulala chini ya miti. Lakini msidhani aliacha masomo. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu, akafanya kazi katika jumba la makumbusho mjini Bergen, na mwaka 1888 akapata shahada ya udaktari kwa uchunguzi wake wa mishipa ya fahamu.

Mwaka huo huo, yeye na wenzake 5 walivuka bara la barafu la Greenland kwa ski, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Waliotangulia kujaribu walianzia upande wa magharibi wenye watu, wakarudi nyuma mambo yalipokuwa magumu. Nansen alianzia mashariki kusiko na watu, ili njia ya uzima iwe mbele tu. Walipofika magharibi meli ya mwisho ilikuwa imekwisha ondoka, basi wakakaa huko hadi mwaka 1889. Nansen hakunung'unika, bali alijifunza kwa wenyeji namna ya kuwinda na kuendesha mitumbwi yao ya ngozi.

Mwaka 1893 akasafiri tena kwa meli iitwayo Fram, iliyoundwa makusudi ili barafu ikiibana isiivunje, bali iinyanyue juu. Meli ikagandishwa katika barafu na kuchukuliwa nayo polepole. Machi 1895, Nansen na mwenzake Hjalmar Johansen waliiacha, wakaenda kwa ski na mbwa kuelekea Ncha ya Kaskazini. Hawakuifikia, ila walikaribia kuliko mtu ye yote kabla yao. Wakati wa kurudi baridi kali iliwakuta, wakachimba kibanda cha mawe, wakakiezeka kwa ngozi, wakaishi humo miezi mingi kwa nyama ya dubu. Mwaka 1896 walifika kwao salama.

Basi nguvu hizo alizitumia kwa nini? Hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa lilimpa kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita, nao waliorudishwa walizidi 400,000. Tena aliwapigania watu wa Urusi waliokuwa wakifa kwa njaa, na mwaka 1922 akaanzisha hati ya kusafiria kwa wakimbizi wasio na nchi. Mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hata katikati ya shughuli hizo, mwaka 1921, aliwahimiza vijana wa nchi yake watoke katika kelele za mji, waende mwituni wakajitambue. Alifariki tarehe 13 Mei, 1930. Jina lake lilipewa nishani ya watetezi wa wakimbizi, na mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere wetu aliipata.

Nilipomaliza kitabu hicho nilianza kutembea kila jioni hadi kilimani nyuma ya shule, saa moja tu, bila kitabu mkononi. Wenzangu walinicheka wakisema mtembezi hula miguu yake. Niliwaacha wacheke. Wiki ya tatu usingizi ulirudi, na muhula uliofuata alama zangu zikapanda. Sikuwa wa kwanza darasani, wala sisemi kwamba kutembea kunatosha mahali pa kusoma. Nasema kwamba akili nayo huchoka kama jembe lisilonolewa.

Sisi hatuna theluji. Tuna jua la jioni, upepo na miti, navyo havidai ada. Mwenzangu uliyejifungia darasani, funga kitabu kidogo, utoke. Ukirudi utakikuta pale pale, nawe utakuwa mtu mwingine.