Roald Dahl: Aliishi Dar, akaponea vitani, surua ikamchukulia binti

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Nataka tumzungumzie mzee mmoja ambaye wengi wenu mnamjua bila kujua kuwa mnamjua. Kama uliwahi kuangalia filamu ya Matilda, au ile ya dogo maskini anayeingia kiwanda cha chokoleti, basi umeshakutana na kazi ya Roald Dahl. Namleta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, jamaa alishakuwa mkazi wa Dar. Pili, ugonjwa ambao wengi tunauchukulia poa, surua (Kenya wengine huita ukambi), ulimuumiza kuliko vita.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Wales, wazazi wote wawili wakiwa wametoka Norway. Mwaka 1920, akiwa na miaka mitatu tu, dada yake Astri alifariki kwa kidole tumbo. Alikuwa na miaka 7. Wiki chache baadaye baba naye akafa kwa nimonia. Hiyo miaka 7 iweke kichwani, tutairudia.

Alipomaliza shule hakutaka chuo, alitaka kuona dunia. Mwaka 1934 akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na 1938 ikamtuma Dar es Salaam, enzi hizo Tanganyika iko chini ya Mwingereza. Hapo Bongo akajifunza Kiswahili na kuona nyoka wa kutosha, mambo ambayo baadaye aliyaandika kwenye kitabu chake Going Solo. Vita ilipoanza 1939, kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaendesha gari mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwaka uliofuata ndege yake ikaanguka jangwani. Fuvu lilipasuka, akakaa wiki kadhaa haoni. Akapona, akarudi kurusha ndege, mara hii Ugiriki.

Mtu kama huyo utadhani hakuna kitakachomtisha tena. Sikilizeni sasa.

Mwaka 1953 alimuoa Patricia Neal, mcheza filamu wa Marekani. Mtoto wao wa kwanza, Olivia, alizaliwa 1955. Desemba 1960 huko New York, teksi ikagonga kigari cha mtoto wao mchanga Theo, maji yakawa yanamjaa kichwani. Dahl hakukaa kulia tu. Alishirikiana na fundi mmoja na daktari bingwa wa upasuaji kutengeneza valvu ndogo ya kutoa hayo maji, na ikaja kusaidia watoto wengi wa watu wengine. Yaani ni baba aliyeamini kwamba ukihangaika, dawa utaipata.

Novemba 1962 familia ikiwa Uingereza, surua ikalipuka shuleni kwa Olivia. Chanjo ilikuwa haijatoka. Kilichokuwepo ni gamaglobulini, dawa inayotokana na damu ya watu wenye kinga tayari. Ndani yake mna kingamwili, wale askari wa mwili wanaomtambua adui. Unamwazima mtoto askari wa watu wengine kwa muda. Shemeji yao, mwanasayansi mkubwa wa mambo ya kinga, aliwatumia dozi ya kumtosha mtoto mmoja tu. Wakampa Theo, kwa sababu ndiye aliyekuwa dhaifu. Wewe ungefanyaje? Mzazi yeyote angeamua vile vile.

Olivia akaugua surua ya kawaida. Vipele, homa, kisha akaanza kupata nafuu, baba anakaa naye kitandani wanacheza. Ghafla vidole vikawa havimtii, usingizi ukamzidi. Ndani ya saa chache akapoteza fahamu. Virusi vilikuwa vimeshasababisha ubongo kuvimba. Alifariki tarehe 17 Novemba 1962, akiwa na miaka 7. Umri ule ule wa shangazi yake Astri.

Mwaka uliofuata, 1963, chanjo ya surua ikaruhusiwa Marekani. Uingereza ikaanza kuitumia 1968.

Dahl aliandika yaliyotokea kwenye daftari, akalificha kwenye droo, familia ikaja kuliona baada ya yeye kufa. Hadharani alikuwa haongelei sana. Mwaka 1982 alimtungukia Olivia kitabu cha The BFG. Kisha 1986, miaka 24 baada ya msiba, alivunja ukimya. Aliandika barua kwa wazazi wa Uingereza akiwaomba wachanje watoto, kwa sababu wao walikuwa na kitu ambacho yeye hakukipata.

Sasa tuongee sayansi kidogo. Surua ni virusi vya hewani. Mgonjwa akikohoa, vinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Katika watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, 9 wataupata. Ubongo kuvimba huwapata karibu mtoto 1 kati ya 1,000. Lakini kuna jambo ambalo hata Dahl hakulijua. Surua hufuta kumbukumbu ya kinga. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua. Walikuta surua imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto amepona vipele, lakini mwili umesahau maadui ambao ulishawashinda, unaanza kujifunza upya. Ndo maana nimonia na kuhara huwapata baadaye, na watu hawaunganishi na surua.

Chanjo yenyewe haifuti chochote. Tanzania na Kenya mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Dozi mbili, basi.

Tusimfanye mzee malaika. Aliwahi kutoa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 2020 familia yake iliomba radhi. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, akiwa na miaka 74. Lakini kwenye hili la surua alisema kweli, na aliilipia gharama.

Wadau, mna wadogo zenu au watoto nyumbani? Leo mkirudi, fungueni kadi ya kliniki muone kama dozi ya pili ipo. Halafu njooni kwenye maoni hapo chini mtuambie mmekuta nini.