Mzee wa Kofia Kubwa na Bastola Zake

Marehemu babu yangu alikuwa na jambia la Kiarabu lililotundikwa ukutani. Sikumwona hata siku moja akilichomoa alani kwa ugomvi, lakini mgeni akija humsimulia lilikotoka na mikono liliyopitia. Tangu hapo nikafahamu kwa nini wako watu wanaokusanya silaha. Leo, msomaji mpenzi, napenda kukueleza habari za Elmer Keith, Mmarekani ambaye jina lake halikosi kutajwa wanapokutana wakusanyaji wa bastola za Magnum.

Keith alizaliwa tarehe 8 Machi, 1899, katika mji mdogo wa Hardin, jimbo la Missouri. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 hivi, nyumba ya wageni waliyokuwamo huko Missoula, Montana, ilishika moto. Akaungua uso, shingo na mkono wa kushoto. Mkono ulipopona ulikuwa umepinda vibaya sana. Kama alivyosimulia mwenyewe uzeeni, vidole vile ilibidi baba yake avivunje upya na kuvifunga kwenye ubao ili vinyooke. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mchunga ng'ombe, mwindaji na mpiga shabaha mashuhuri huko Idaho, mtu mfupi mwenye kofia kubwa.

Mwaka 1925 bastola yake kuukuu ya kipimo cha .45 ilipasuka alipokuwa akiipiga. Alinusurika, akahamia kipimo cha .44 Special, ambacho silinda yake huwa na kuta nene zaidi. Akawa anaongeza baruti na kusubu risasi za umbo alilolibuni mwenyewe. Nia yake ilikuwa mnyama afe mara moja, asikimbilie msituni na jeraha.

Mwaka 1935 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya .357 Magnum, na majaribio ya Keith yalikuwa miongoni mwa yaliyofungua njia. Za mwanzo zilitengenezwa kwa kuagizwa, kila moja na hati yenye jina la mwenyewe. Mpango huo ulikoma mwaka 1939, zikiwa zimetoka kama 5,500 tu. Kwa wakusanyaji, hizo ni lulu. Mwisho wa mwaka 1955, baada ya Keith kudai kwa miaka mingi, ikatoka .44 Magnum.

Lakini nalivutiwa zaidi na bastola ya tatu. Mwaka 1964 yeye na wenzake, akiwamo Bill Jordan, walifanikiwa kuleta .41 Magnum, kipimo cha kati walichoamini kuwa kitawafaa polisi. Polisi wachache tu waliikubali. Wengi waliiona nzito na yenye kurudi nyuma kwa nguvu. Kisha mwaka 1971 filamu ya Dirty Harry ikawafanya watu waikimbilie .44, na .41 ikasahauliwa. Wazee husema chema chajiuza, lakini hiki hakikujiuza. Leo ni hiyohiyo iliyokataliwa ambayo wakusanyaji huisaka, kwa kuwa si ya kawaida.

Keith alifika pia huku kwetu Afrika Mashariki kuwinda, na mwaka 1968 akatoa kitabu alichokiita kwa neno la lugha yetu, Safari. Mwaka 1981 alipatwa na kiharusi, na tarehe 14 Februari, 1984, akafariki mjini Boise akiwa na umri wa miaka 84. Silaha zake ziliuzwa kwa mnada huko Maine mwaka 2015. Walionunua hawakutafuta chuma tu, maana bastola za namna ile zipo madukani. Walitaka zile alizozishika yeye, ambazo habari zake alikwisha kuziandika vitabuni.

Nalo jambia la babu liliuzwa alipokufa. Aliyelinunua hakuuliza lilikotoka, wala sisi wajukuu hatukuwa tumeandika neno. Siku hizi nikijaribu kuikumbuka hadithi ile napata nusu yake tu. Nawe, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako kimo kitu cha wazee, kaa nao wangali hai, uandike.